Kinga si Shambulio: Sitiari ya Vita katika Immune Attack

Jina la Immune Attack, mchezo wa kompyuta uliotolewa Marekani mwaka 2008, linaahidi shambulio. Hata hivyo, mojawapo ya kazi za mchezaji ni kuamsha protini za ukuta wa mshipa wa damu ili chembe nyeupe ipunguze mwendo, inate, kisha ipenye hadi penye maambukizi. Hapo sitiari ya “askari wa mwili” inapwaya, kwani haielezi kunata wala kuitana. Kitenzi kukinga kinafaa zaidi: tunakinga mvua isitulowe, na tunakinga maji yake kwa chombo. Chembe nazo huzuia vimelea, huvimeza, kisha huonyesha vipande vyake kwa chembe nyingine. Mfasiri wa mchezo huu na aanzie kwenye kitenzi hicho, si vitani.