Bata Bukini wa Gallico na Mwindaji Asiyeonekana

Kitabu ninachotaka kukizungumzia safari hii ni chembamba mno. Mtu hukimaliza kwa saa moja. Ni The Snow Goose cha Paul Gallico. Nilikiokota kwenye sanduku la vitabu vikuukuu hapa Chaussée d'Ixelles kwa euro moja, nikakipeleka kwenye kikao chetu cha kusoma, na nusura kituvunjie kikao. Mama mmoja alipendekeza tukitafsiri kwa ajili ya watoto wa darasa la Jumamosi, kwa kuwa, alisema, ni hadithi ya mgeni aliyepotea njia akapokelewa. Mzee mmoja akajibu kwamba mgeni yule hakupokelewa bali alipigwa risasi, na kwamba hilo ndilo la kuwaambia watoto. Nikaahidi kuandika uhakiki. Wiki mbili zimepita, nimekisoma mara tatu, na sasa siwezi kukwepa tena.

Kwa wasiokijua: Gallico alikuwa Mmarekani, mzaliwa wa New York mwaka 1897, aliyepata jina kwanza kama mwandishi wa michezo magazetini. Hadithi hii ilitoka katika jarida la The Saturday Evening Post mwaka 1940, kisha ikawa kitabu mwaka 1941. Mhusika mkuu ni Philip Rhayader, mchoraji mwenye kibiongo na mkono mmoja uliolemaa, ambaye watu wanamwogopa kwa sura yake. Mwaka 1930 anahamia kwenye mnara wa taa uliotelekezwa, katikati ya kinamasi cha pwani ya Essex, Uingereza. Anachora, anaendesha mashua yake, anawahifadhi ndege wa majini. Siku moja ya Novemba anakuja msichana mdogo, Fritha, kutoka kijiji cha wavuvi wa chaza. Mikononi amebeba ndege mweupe aliyejeruhiwa na bunduki. Ndege huyo si wa huko: ni bata bukini wa theluji, aliyezaliwa kaskazini mwa Kanada na kusukumwa na dhoruba hadi ng'ambo ya bahari. Rhayader anamtibu. Ndege anapona, anaondoka majira ya kuchipua na kurudi majira ya baridi, na msichana naye huja tu ndege anapokuwepo. Mwaka 1940 Rhayader anakwenda na mashua yake kuokoa askari ufukweni Dunkirk, na ndege anamfuata juu kwa juu. Rhayader harudi.

Tuanze na lililo jema. Kinamasi katika kitabu hiki ni kinamasi cha kweli. Maji yanajaa na kupwa, matope yanabadilika rangi, makundi ya ndege yanashuka jioni kwa kelele hadi unasikia mabawa yao. Aliyekulia karibu na mikoko, Lamu au delta ya Rufiji, atatambua mara moja kwamba mwandishi ameelewa jambo moja kubwa: nchi ile si bahari wala si bara, na kila anayekaa pale anaishi kwa ratiba ya maji. Gallico anatumia kurasa chache tu kwa hilo, lakini zinatosha kubeba kitabu kizima. Pia amefanya jambo la busara katika sehemu ya Dunkirk. Hatupeleki vitani. Anawaachia askari wasimulie kilabuni, kwa lafudhi yao ya mitaani, kila mmoja na kipande chake, na sisi tunaunganisha. Shuleni tulifundishwa kuita hiyo mbinu ya usimulizi; mimi naiita adabu. Mwandishi amekubali kwamba hakuwepo.

Sasa nije kwenye kinachonikera. Mwindaji yuko wapi?

Hadithi nzima inaanza kwa risasi. Bila mwindaji hakuna jeraha, bila jeraha Fritha hana sababu ya kuushinda woga wake na kubisha mlango wa mnara. Hata hivyo aliyefyatua hana jina, hana uso, hana kijiji. Ametajwa kama mtu anavyotaja mvua iliyomnyeshea. Lakini pwani ya Essex ya miaka ile haikukosa wawindaji. Kwenye milango ya mito kama Blackwater kulikuwa na watu waliojipatia riziki kwa bata na bata bukini: walilala kifudifudi ndani ya mtumbwi bapa, bunduki ndefu kama mlingoti imefungwa mbele, wakasukuma polepole gizani hadi kundi likawa karibu, halafu mlipuko mmoja wa marisau ukaangusha ndege wengi kwa pamoja. Ilikuwa kazi ya baridi kali, ya njaa, na ya ujuzi mwingi. Watu hao walikuwa majirani wa wavuvi wa chaza, na pengine ndio hao hao. Kwa hiyo aliyempiga ndege huenda ni ami yake Fritha, au baba yake. Mwandishi amelikwepa swali hilo, na kwa kulikwepa amepoteza hadithi nzuri zaidi kuliko aliyoiandika: msichana anayebeba kosa la nyumbani kwao na kulipeleka kwa mtu ambaye nyumbani kwao wanamkimbia.

Kuna jambo jingine ambalo Gallico ameliandika bila kulitazama vizuri. Rhayader anawakata baadhi ya ndege wake ncha za mabawa ili wasiweze kuondoka, na wale wa mwituni wakiwaona chini wajue kwamba hapo pana chakula na usalama. Kitabu kinalisifu hilo kama huruma. Sawa, lakini muulize mwindaji yeyote: hiyo ndiyo mbinu yake. Bata aliye hai, aliyefungwa, anayewaita wenzake washuke. Marekani iliipiga marufuku mbinu hiyo mwaka 1935. Kaskazini mwa Ufaransa, kwenye ghuba ya Somme, bado ni halali: mwindaji anakesha ndani ya kibanda kilichofukiwa ukingoni mwa dimbwi, na bata wake wa kuitia wanaelea mbele yake wakipiga kelele. Nyumbani pia tunaijua. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala, magharibi mwa Kenya, watafiti waliwakuta watu wakitega konokono waliotiwa sumu ya wadudu ya kabofurani, huku korongo hai wakiwekwa shambani ili kuwavuta wengine, na nyama ikauzwa. Kwa mtazamo wa ndege aliye angani, uwanja wa Rhayader na shamba la Bunyala vinafanana kabisa. Anayeamua tofauti ni aliyekaa ndani ya kibanda. Hapo ndipo palipokuwa na kitabu kigumu, na mwandishi amepita mbio.

Mtu ambaye angeweza kumsaidia alikuwepo. Mchoraji Peter Scott aliishi miaka ya 1930 kwenye mnara wa taa karibu na Sutton Bridge, na wengi husema Rhayader ametokana naye. Scott ndiye aliyechora picha za toleo la mwaka 1946, mwaka ule ule alioanzisha hifadhi ya ndege wa majini pale Slimbridge. Lakini ujanani Scott alikuwa mwindaji hodari wa bata bukini. Aliwajua kwa sababu aliwavizia matopeni alfajiri baada ya alfajiri. Aliwachora kwa sababu aliwapiga. Kuacha bunduki kulimchukua miaka. Gallico amemtwaa mtu huyo, akamwondolea bunduki na kumpa kibiongo mahali pake. Nasema waziwazi, hilo ni badilisho baya. Kibiongo kinatufanya tumhurumie Rhayader. Bunduki ingetufanya tumwelewe.

Na ndege mwenyewe? Kurasa za mwisho zinamgeuza kuwa roho, na Fritha anapomwona akizunguka juu ya mnara anaona ndani yake mtu aliyekufa. Waliolia kikaoni walilia hapo, nami sikatai kwamba koo langu lilikaza kidogo. Ila ndege huyu anapendwa kwa sababu ni mmoja, ni mweupe na anaitwa binti mfalme. Mambo ya kweli hayakwenda hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 bata bukini wakubwa wa theluji wa mashariki mwa Amerika walikuwa wamebaki elfu chache tu, na Marekani ikasimamisha kuwawinda mwaka 1916. Mwaka 1975 ikaruhusu tena. Jamii ndogo yao, waliokuwa wakikaa majira ya baridi kwenye vinamasi vya pwani ya Texas na Louisiana wakichimba mizizi, walihamia kwenye mashamba ya mpunga na nafaka, wakashiba, wakaongezeka hadi mamilioni, na wakirudi kaskazini wanaing'oa tundra ya ghuba ya Hudson hadi inabaki tope. Tangu mwaka 1999 Marekani na Kanada zinawataka wawindaji wawaue zaidi, hata majira ya kuchipua. Binti mfalme amekuwa kero. Gallico hakuweza kuyajua hayo, simlaumu. Lakini anayekisoma kitabu leo anayajua, na lile ziwa la machozi linapungua kina.

Tena sisi wa hapa hatuhitaji kwenda Kanada. Teremka Chaussée d'Ixelles hadi Place Flagey, ambako maji ya bwawa kubwa yalifukiwa mwaka 1860 kupata uwanja, kisha tembea hatua chache hadi kwenye mabwawa yaliyobaki. Utawakuta bata bukini wa Misri wakitembea nyasini na vifaranga, wana baka la kahawia kwenye jicho kama waliopigwa ngumi. Ni wale wale wa Naivasha na Ngorongoro. Waliletwa Ulaya kupamba bustani, wakatoroka, wakazaana, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukawaingiza kwenye orodha ya viumbe vamizi. Mzee wetu aliposikia hivyo kikaoni alicheka hadi akavua miwani. Mama hakucheka.

Basi, tukitafsiri au tusitafsiri? Mimi nasema tutafsiri, na tuwaachie watoto wakubwa, wa miaka 12 kwenda juu, ambao wanaweza kuuliza nani alifyatua. Ugumu utakuwa kwenye jina. Bukini ni jina la kale la Kiswahili la Madagaska, kwa hiyo kila bata bukini katika lugha yetu ni mgeni aliyetoka ng'ambo, hata awe amezaliwa Nakuru. "Bata bukini wa theluji" ni ndefu, na watoto wa Brussels watadhani ni wa kutengenezwa kwa theluji. Mama amependekeza "bukini mweupe". Mzee bado anataka jina la kitabu liwe "Risasi". Kikao kijacho tutapiga kura, na mwenye nakala yangu airudishe, tafadhali, kwa kuwa ukurasa wa Dunkirk nimeuwekea alama.