Bei ya Mbuzi Oldonyiro

Siku ya soko Oldonyiro, kaunti ya Isiolo, mnunuzi humfumbua mbuzi mdomo akatazama meno, humbinya kiunoni kupima nyama, kisha hutaja bei inayomfanya mwenye mbuzi acheke kwa dharau. Dalali huingia kati. Wakishapatana, mbuzi hupakwa rangi mgongoni kungoja lori.

Hapo wengine huona biashara imekwisha. Mchumi wa biashara na miji ndipo anapoanza kuuliza: kwa nini bei hii, leo, hapa? Kiamaiko, Nairobi, kwenye machinjio ya mbuzi, mnyama huyo huyo ana bei nyingine kabisa. Katikati kuna nauli ya lori, ushuru wa kaunti, kibali cha kusafirisha mifugo, mbuzi waliokufa njiani, na faida. Sisi humlaumu dalali moja kwa moja. Mchumi mzuri huhesabu kwanza. Na akishahesabu, pengine dalali ana hatia kweli.

Naiheshimu kazi ya mchumi huyu kwa uvumilivu wake. Mwaka 2003 mchumi Christopher Barrett na wenzake, akiwemo Francis Chabari, walichapisha utafiti wa bei za mifugo kaskazini mwa Kenya, uliotokana na rekodi za mauzo yenyewe sokoni. Walionyesha jinsi mvua inavyoamua bei anayopata mfugaji, na jinsi karantini ya mifugo inavyoiporomosha. Utasema mfugaji alilijua hilo zamani. Alilijua, lakini wizara haifungui soko kwa neno la mzee aliyeketi chini ya mgunga. Hutaka takwimu.

Uzuri wa taaluma hii ni kwamba hata inapokosea, inafundisha. Mwaka 1826 Johann von Thünen, mwenye shamba wa Ujerumani, aliandika kwamba umbali wa soko ndio unaoamua ardhi itumikeje. Maziwa aliyaweka jirani na mji kwa kuwa huharibika; ufugaji akausukuma mbali kabisa, maana mnyama hujipeleka sokoni kwa miguu yake. Kuhusu mbuzi wa Oldonyiro hakukosea sana. Kuhusu maziwa, kina mama wa Isiolo wamempinga: hupakia maziwa ya ngamia kwenye mabasi yakanywewa Eastleigh, Nairobi, zaidi ya kilomita 250 kutoka Isiolo. Barabara na simu vimeusogeza mji.

Basi wewe mwanafunzi wa uchumi kutoka Oldonyiro, unayetafuta mada ya tasnifu, usiende kunakili takwimu za Chicago. Chukua daftari, nenda sokoni kwenu, uliza bei.