Panchi ya Mundika na mapovu yanayopotea mapema

Sherehe za Desemba huko Mundika, kilomita chache kutoka mjini Busia kwenye barabara ya Kisumu, hazikosi panchi ya matunda. Mara nyingi huchanganywa asubuhi katika ndoo yenye bomba, na wageni wakianza kunywa saa nane huwa imebaki juisi tu. Rangi ipo, utamu upo, ila ule mchomo wa ulimini umekwisha. Waandalizi hulaumu uchache wa soda, wakaagiza chupa nyingine. Soda haikuwa chache.

Wala matunda hayana neno. Mananasi ya Uganda huvuka mpaka kwa wingi, na mchuuzi wa Busia atakupigia nanasi kidole usikie kama limeiva. Maembe na machungwa hutoka upande wa Teso, eneo ambalo mavuno yake yaliifanya Uganda ijenge kiwanda cha juisi Soroti, kikazinduliwa 2019. Pasheni ndiyo huipa panchi uchachu wake. Tikiti maji, pamoja na sifa zake zote, hupoozesha ladha. Heri likatwe vipande liliwe kando.

Kwa watu 20 hivi, mananasi mawili makubwa, pasheni 20, ndimu 4 na tangawizi ya urefu wa kidole hutoa karibu lita mbili za juisi nzito, pamoja na robo kilo ya sukari iliyoyeyushwa katika kikombe cha maji moto na kuachwa ipoe. Juisi hiyo hubeba lita nne za maji ya soda. Anayependa Stoney Tangawizi badala ya maji ya soda aiache sukari kabisa, kwa kuwa soda hiyo inayo ya kutosha.

Sukari iyeyushwe mapema kwa sababu maalumu. Punje kavu ikidondoka ndani ya soda, mikwaruzo yake midogo huwa kituo cha mapovu kukusanyika, na kinywaji kitafurika mezani. Nyuzi za nanasi hufanya vivyo hivyo, polepole zaidi. Ndiyo maana juisi ikitoka kwenye blenda hupitishwa kwenye kichujio, ikibidi mara mbili.

Mchawi mkubwa, hata hivyo, ni joto. Mwaka 1803 mkemia Mwingereza William Henry alionyesha kwamba gesi huyeyuka majini kwa kadiri ya shinikizo lake. Kiwandani hewa ya ukaa husukumwa kwa nguvu ndani ya chupa. Kizibo kikifunguka, nguvu hiyo imeondoka, na kinachosalia kuizuia gesi isitoroke haraka ni ubaridi. Katika shinikizo la kawaida la usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye nyuzi 0 hushika takriban lita 1.7 za hewa ya ukaa. Kwa nyuzi 30, joto la kawaida la mchana Busia, hushika kama lita 0.7 tu. Isitoshe, Busia iko takriban mita 1,200 juu ya bahari, kwa hiyo hata hicho kiasi hupungua kidogo. Kumimina soda baridi juu ya juisi vuguvugu ni kuifukuza gesi kwa mikono yako mwenyewe.

Kwa hiyo vyote viwili vilale kwenye friji usiku kucha, au kwenye beseni la barafu stima ikikatika. Soda iliyoletwa na bodaboda, biashara iliyozaliwa kwenye mpaka huuhuu kwa baiskeli miaka ya 1960, itulizwe kwanza. Mtikiso hutawanya vipovu vidogo ndani ya chupa, na ukifungua papo hapo, kila kimoja huvuta gesi na kupanda nayo.

Kisha ndoo iwekwe kando. Panchi ichanganywe jagi kwa jagi: theluthi ya juisi kwanza, soda imiminwe taratibu ikifuata ukuta wa jagi uliolazwa, mwiko upite mara moja tu. Barafu nayo iwe pande kubwa lililogandishwa kwenye bakuli, kwani vipande vidogo huyeyuka upesi na uso wao mwingi huamsha mapovu.

Wapo wanaokwepa gharama ya soda kwa kutia magadi ya kuokea ndani ya juisi. Kweli inatoa povu, maana magadi yakikutana na asidi ya ndimu hutoa hewa ya ukaa ileile. Lakini yanaula uchachu wa pasheni na kuacha ladha ya chumvi, na povu lenyewe huisha kabla jagi halijazunguka meza. Anayebana matumizi heri apunguze soda na kuongeza juisi. Juisi isiyochanganywa na soda, ikifunikwa frijini, bado ni tamu kesho yake wageni wa pili wakibisha hodi.