Nyundo Kwanza, Rangi Baadaye: Kupima Land Rover 109 Iliyofufuliwa

Ukiletewa Land Rover 109 kuukuu iliyofufuliwa, lala chini yake kwanza. Rangi utaitazama baadaye, maana kutu ya gari hili hukaa pasipoonekana.

Uliza limeishi wapi. Njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na kuendelea mpaka Ujiji, imeanzia kwenye chumvi. Gari lililozeekea Bagamoyo limeliwa na hewa ya bahari kila upande, hata kwenye bawaba za milango. Lililozeekea Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani kwa reli, limeliwa na tope. Mvua za Novemba hadi Aprili hulisukumia ndani ya matundu ya chasisi, likauke kiangazi kizima, kisha lilowe tena. Chasisi ya 109 ni mabati manne yaliyochomelewa yakawa kisanduku chenye uwazi ndani, kwa hiyo huoza kuanzia ndani. Siku unapoiona kutu kwa nje, imeshakula sana.

Baba alinifundisha kuisikiliza. Unashika nyundo ndogo, unagonga kutoka mbele hadi boriti ya nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia na sauti yake inakwenda mbali. Kilichooza kinajibu kwa kishindo kilichokufa, na bisibisi ukiikandamiza hapo inazama. Usipapite haraka pale springi zinaposhikwa, wala kwenye boriti yenyewe ya nyuma. Huko ndiko tope linakotuama. Nikigonga mimi, mzee alikuwa akifumba macho na kunitajia: hapa pazima, hapa pana puti.

Sasa tazama viraka. Fundi mwema hukata mpaka afikie chuma kinachong'aa, akachomelea bati la unene uleule, ukingo kwa ukingo, na mshono wake ukapangana kama magamba ya samaki. Kiraka kilicholazwa juu ya kutu ni udanganyifu, hata kikisuguliwa msasa kikalainika.

Kisha toa sumaku. Kwenye gari la bodi ya chuma, tuseme Peugeot 504, sumaku isiponasa ujue kuna puti. Kwa Land Rover mambo yamegeuka: madigadi na mabati ya nje ya milango ni aluminiamu, na hapo sumaku haipaswi kunasa. Ikinasa, mtu amebandika bati la chuma. Chuma na aluminiamu vikigusana penye unyevu, aluminiamu huliwa na kuacha ungaunga mweupe kwenye maungio. Anayeijua kazi huvitenganisha kwa rangi au mpira.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni boliti. Gari hili liliundwa lifunguliwe: madigadi, paa na milango vyote vimefungwa kwa boliti. Mwenye haraka huchomelea palipotakiwa boliti, na kuanzia hapo kila fundi atakayemfuata lazima akate. Omba digadi moja lifunguliwe mbele yako kwa spana ya kawaida. Likifunguka bila kelele, na boliti zina grisi, umempata fundi aliyemfikiria mwenzake.

Injini siihangaikii sana. Ikichoka hutolewa ikawekwa nyingine. Endesha mpaka Kwihara, karibu na Tabora, walikokaa Livingstone na Stanley kwenye tembe mwaka 1872, kwa njia ya vumbi, kisha urudi ulale tena chini ukatafute nyufa mpya kwenye mishono.

Kama gari mmelifufua wewe na mzazi wako, ugumu uko kwenye kutoa alama. Mapenzi husikia chuma kizima mahali palipooza, na mzee naye hapendi kumvunja moyo mwanawe. Kwa hiyo, kabla hamjanunua rangi, mwiteni fundi asiyewafahamu, mpeni nyundo, mkae mbali mpaka amalize.