Fei Toto, Chama na kazi anayopewa shabiki

Cristiano Ronaldo ana wafuasi zaidi ya milioni 600 Instagram, na sehemu kubwa ya ukurasa wake ni picha za kutazama: gari, familia, mwili wa mazoezi. Mchezaji wa ligi yetu akiiga mtindo huo, atapata alama za moyo na basi. Shabiki wa Kariakoo hajazoea kukaa na kutazama. Kati ya Mtaa wa Msimbazi, yalipo makao ya Simba, na Twiga na Jangwani, walipo Yanga, ushabiki ni shughuli ya kutwa nzima. Mtu anafungua kibanda asubuhi akiwa tayari ana la kumwambia jirani yake wa timu ya pili. Kwa hiyo chapisho linaloshika hapa ni lile linalompa shabiki kazi ya kufanya: abashiri, abishane, amtanie mwenzake, ikibidi atoe hela.

Tuanze na Feisal Salum, maarufu kama Fei Toto, kwa sababu sakata lake lina kila kitu ndani yake.

Fei Toto alijiunga na Yanga mwaka 2018 akitokea JKU ya Zanzibar. Desemba 2022, akiwa bado na mkataba, aliandika ujumbe wa kuwaaga Wananchi, yaani watu wa Yanga, kwenye Instagram. Nyuma ya ujumbe ule alikuwa ameshaiwekea klabu Sh112 milioni ili kuvunja mkataba. Yanga ikakataa, na Januari 2023 kamati ya shirikisho la soka, TFF, inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alipoomba uamuzi upitiwe upya, akagonga mwamba.

Ukiutazama ujumbe wa kwanza kwa jicho la ufundi, ulikuwa mwepesi mno. Kuaga ni kufunga mlango. Shabiki aliyeachwa nje ana mambo mawili tu ya kufanya, kulia au kukasirika, na wengi wa Yanga walichagua la pili. Feisal alitumia lugha ya mapenzi kumaliza jambo la kisheria, na klabu ikamjibu kwa lugha ya mkataba. Kwenye mzani huo mchezaji hawezi kushinda, hata awe na wafuasi wangapi.

Kisha likaja neno ambalo hakuna mtaalamu wa habari angelipanga. Mama yake alipozungumza na waandishi kuhusu hali ya mwanawe, alitaja ugali na sukari. Ndani ya muda mfupi likawa utani wa mji mzima. Wapo waliolitumia kumcheka, na hilo lilikuwa na ukatili wake, maana mama alikuwa anamtetea mtoto. Lakini lilifanya kile ambacho barua za mawakili hazikuweza: lilimpa kila mtu kitu cha kusema. Mwenye duka la nguo Mtaa wa Congo ambaye hajui kifungu hata kimoja cha kanuni za usajili, sasa alikuwa na la kuchangia kwenye mjadala wa mkataba wa Feisal.

Mei 2023 ndipo upande wa Feisal ulipoonyesha ustadi wa kweli. Alijitokeza kuwaomba Watanzania wamchangie fedha ili apeleke shauri lake CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo iliyoko Uswisi. Fikiria uzito wa ombi hilo kwetu. Sisi ni watu wa michango. Kadi ya harusi inakuja na kiwango, msiba una daftari, na kwenye makundi ya WhatsApp majina ya waliotoa hupangwa kwa namba ili asiyetoa ajione hayupo. Feisal alipoomba mchango, alihamisha ugomvi wake kutoka ofisi za klabu na kuuweka kwenye desturi ambayo kila mtu anaijua. Hata asiyetoa senti alilazimika kujibu swali: utamchangia au humchangii? Na ukishajibu, umekwishachagua upande. Ombi lile pia lilimfungulia mlango asiye Yanga, maana mchango hauulizi kadi ya uanachama.

Lilifika mbali. Juni 3 mwaka huo Yanga walimaliza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika huko Algiers. Waliifunga USM Alger 1-0 ugenini, wakakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini baada ya kufungwa 2-1 nyumbani. Juni 5, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaalika Ikulu ya Dar es Salaam. Katika hafla ya kuwapongeza, aliwataka viongozi wa Yanga wamalizane na Fei Toto. Siku chache baadaye pande zote zikakubaliana, na kiungo huyo akauzwa Azam FC. Siwezi kusema kelele za mtandaoni ndizo zilizomtoa Yanga. Ninachosema ni kwamba bila kelele ile ya miezi mitano, shauri la kiungo mmoja na mwajiri wake lisingepata nafasi kwenye meza ile.

Klabu zenyewe zilikuwa zimeshaujua mchezo huu kupitia wasemaji wao. Haji Manara ndiye aliyeugeuza usemaji kuwa ustaa, kiasi kwamba alipoondoka Simba na kutambulishwa Yanga Agosti 2021, watu waliufuatilia uhamisho huo kama wa mshambuliaji. Tena ni mtoto wa Sunday Manara, nyota wa Yanga wa zamani, kwa hiyo hata kuhama kwake kulikuwa na hadithi ya kubishaniwa. Ahmed Ally wa Simba, anayejiita Semaji la CAF, na Ali Kamwe wa Yanga wameendelea pale pale. Wanachofanya ni utani wa jadi ulioandikwa ili uweze kunakiliwa: sentensi fupi, inayoingia kwenye stetasi ya WhatsApp bila kukatwa. Simba walipokuja na kauli ya Ubaya Ubwela mwaka 2024, kauli hiyo ilipita midomoni mwa wauza matunda na makonda wa daladala kabla timu haijacheza mechi ya maana. Na baada ya Yanga kuifunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023, haikuhitajika hata sentensi. Picha ya mtu aliyenyoosha vidole vitano ilitosha.

Usajili ndio uwanja ambao kazi ya shabiki huonekana vizuri zaidi. Mkataba wa kiungo Clatous Chama na Simba ulipofika ukingoni Juni 2024, swali lilikuwa moja tu: anakwenda wapi? Kila ukimya ulisomwa. Kila picha ilikuzwa kwa vidole viwili kutafuta rangi ya fulana. Yanga walipomtangaza Julai 1, shabiki wa Jangwani hakuwa anapokea habari. Alikuwa anathibitishiwa alichobishania kijiweni wiki nzima. Mtu wa namna hiyo haishii kubonyeza moyo. Anakwenda kwa muuza jezi na kubandikiwa jina mgongoni.

Mbinu hii ina upande wake mgumu, na ulionekana Machi 2025. Usiku wa kuamkia mechi ya watani ya Machi 8, Simba walizuiwa kufanya mazoezi Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakatoa taarifa mtandaoni kwamba hawatacheza. Yanga wakashikilia kwamba mechi ipo, na wakafika uwanjani. Shabiki aliyetoka mkoani na tiketi mkononi alikuwa na simu moja yenye kazi mbili zinazopingana: usije, njoo. Wasemaji walikuwa na maneno ya kutosha kwa ajili ya watani wao. Mtu huyu, ambaye nauli ilikuwa imeshamtoka, ndiye aliyestahili kuandikiwa sentensi ya kwanza. Mechi ilichezwa Juni 25, na Yanga wakashinda 2-0.