DVD ya Jina na DVD ya Picha

Ukitaka kujua kama diski ina picha nzuri, usiipime kwa uso wa stelingi. Uso uliovutwa karibu hutoka vizuri hata kwenye VCD iliyochoka, maana hautembei sana na nyuma yake mara nyingi ni ukuta mtupu. Weka ngoma. Sisi wa Bariadi tuna kipimo kizuri kuliko wengi: rekodi ya Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, wakishindana baada ya mavuno, vumbi limepanda, umati umezunguka uwanja, nyuma kuna miti inayopepea. Vumbi, umati na majani ndivyo vinavyoishinda diski kabla ya kitu kingine chochote.

VCD na DVD zote hazihifadhi kila picha nzima. Zinahifadhi moja, kisha zinaandika kilichobadilika tu. Ukuta haubadiliki, kwa hiyo haugharimu kitu. Vumbi hubadilika kila chembe, na diski isipokuwa na nafasi ya kuyaandika mabadiliko yote hayo, picha inavunjika vimiraba. Vitafute miguuni mwa wachezaji, pale vumbi linapoanzia. Kwenye VCD utavikuta karibu kila mara. Kwenye DVD iliyotengenezwa vizuri vumbi linabaki vumbi.

Hesabu yake si ngumu. VCD, iliyowekewa kanuni mwaka 1993, ina picha ya nukta 352 kwa 288, na kwa kila sekunde inapewa biti milioni 1.15 tu za kuchorea. DVD, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1996, ina nukta 720 kwa 576, zaidi ya mara nne, na inaruhusiwa kupanda hadi karibu biti milioni 10 kwa sekunde pale mambo yanapochanganya. VCD haina ruhusa hiyo: ukuta mtupu na uwanja wa ngoma vinapewa posho ileile. Na kwa kuwa inabeba dakika 74 hivi, filamu ndefu ya Kihindi ilibidi igawanywe diski mbili au tatu.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huihisi bila kuijua. Kamera za video za zamani zilirekodi nusu-picha 50 kwa sekunde. DVD inazibeba zote. VCD inachukua picha 25. Ndiyo maana bega la mchezaji wa Kisukuma kwenye VCD linaonekana kuruka kutoka hapa hadi pale, na kwenye DVD linateleza. Kwa filamu ya maongezi hili si kitu. Kwa ngoma, mimi naliweka mbele hata ya wingi wa nukta.

Baada ya vumbi, angalia giza. Filamu nyingi za Bongo zilipigwa kwa taa chache, na matukio ya usiku ndiyo yanayozitoboa siri. Kwenye diski nzuri weusi una ngazi: koti jeusi linaachana na mlango mweusi. Kwenye mbovu giza linatambaa lenyewe, mabaka yanapita ukutani wakati hakuna anayepita. Kisha maandishi ya mwanzo, ambayo hayahitaji muda. Ukiona vijidoa vinacheza kuzunguka herufi, nafasi ilikuwa finyu tangu mwanzo wa kazi.

Sasa tuje kwenye udanganyifu wenyewe. Diski iliyoandikwa DVD, kavani filamu kumi za mapigano, bei ya filamu moja. DVD ya kawaida ya tabaka moja ina nafasi ya gigabaiti 4.7. Filamu moja ya saa mbili ikikaa humo peke yake inapata biti milioni tano na zaidi kwa sekunde, karamu. Zikiwekwa filamu kumi za urefu huo, kila moja inabaki na nusu milioni hivi, sauti ikiwemo. Hiyo ni chini ya nusu ya VCD! Nyingi ya diski hizi hutumia njia mpya zaidi ya kubana, MPEG-4, na hiyo inaokoa kidogo, lakini weka mvua au kundi la nyumbu wanaokimbia uone. Kwa hiyo VCD halisi ya kiwandani, yenye filamu moja, inaweza kuishinda DVD ya namna hii, na mimi ningelipia VCD. Neno HD kwenye kava ya DVD ni mapambo tu. DVD inaishia kwenye mistari 576.

Muuzaji atakuambia, “Original hii, kaka.” Mwitikie kwa upole, kisha igeuze diski. Ya kiwandani ni ya fedha, na karibu na tundu la katikati kuna alama zilizogandamizwa. Iliyochomwa kwenye kompyuta ina rangi: CD huelekea kijani au buluu, DVD huelekea zambarau. Itazame na ubavuni. DVD imeungwa kwa mabamba mawili, kwa hiyo ina mstari mwembamba katikati ya unene wake, CD haina. Stempu ya mamlaka ya mapato, TRA, iliyoanza kubandikwa kwenye kazi za filamu na muziki mwaka 2013, inakupa habari za kodi. Habari za picha hazimo.

Mikwaruzo nayo ina mahali pake. Data ya CD iko juu kabisa, chini ya rangi ya lebo, hivyo aliyeandika “HARUSI” kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu juu ya VCD amechimba picha zenyewe. Ya DVD imefichwa katikati, lakini imesongamana zaidi, na mkwaruzo wa chini unaoiacha VCD ikiendelea unaweza kuigandisha DVD.

Usihukumu kabla ya kujua unatazamia nini. TV ya chogo inasamehe: inazisawazisha nukta za VCD, na kwenye inchi 14 jirani yako hataona tofauti. Flati ya inchi 43 inazivuta nukta zilezile mpaka ukungu. Lakini flati nayo inaweza kuisingizia DVD nzuri. Ukiona kingo za mkono unaotembea zina meno kama ya kitana, hizo ni nusu-picha ambazo deki au TV imeshindwa kuziunganisha. Diski haina kosa. Tafuta kwenye deki mahali pa kuchagua mfumo wa picha, weka PAL, na kama kuna tundu zaidi ya lile la waya wa njano, tumia hilo.

Siku hizi watu hujaziwa muvi kwenye flashi, na diski nyingi zinazobaki majumbani ni za harusi, misiba na ngoma. Zikiwa mbili za tukio moja, zifungue kwenye kompyuta. Folda ya MPEGAV ni ya VCD, VIDEO_TS ni ya DVD. Lakini mtu anaweza kuikuza VCD akaichoma ndani ya VIDEO_TS, kwa hiyo rudi kwenye vumbi la miguuni. Mafaili yahamishe yalivyo, ya DAT au VOB, na mwambie kijana wa dukani asiyabane upya ili yaingie kwenye flashi ndogo. Nunua flashi kubwa.