Jina Si Hesabu

Niliandika tangazo la usiku wa mashairi kwenye kundi letu la WhatsApp. Nilitaka livutie, basi nikaingia kwenye programu ile ya kupamba maandishi ambayo vijana wote wanaijua, nikatoa kichwa hiki: 𝔘𝔰𝔦𝔨𝔲 𝔴𝔞 𝔐𝔞𝔰𝔥𝔞𝔦𝔯𝔦. Siku na mahali navyo nikavipamba hivyo hivyo. Wengi wakasifu.

Kijana mmoja wa kundi letu haoni. Ujumbe anausikiliza kwa sauti ya simu. Siku ile hakuja. Nilipomuuliza akasema, "Dada, simu ilifika kwenye tangazo lako ikanyamaza. Nikadhani umetuma picha." Na yeye ndiye mtunzi wetu hodari!

Nikaanza kufuatilia. Kumbe zile si mtindo tu wa mwandiko. Ukikoleza herufi kwenye kompyuta, A inabaki A, imebadilisha nguo tu. Lakini hizi ni alama nyingine kabisa, zenye namba zake katika Unicode, ule mfumo unaoipa kila herufi namba. Nyingi ziliingizwa mwaka 2001 kwa ajili ya watu wa hesabu.

Umbo lake ni Fraktur, mwandiko uliochapa vitabu vya Ujerumani tangu karne ya 16. Hesabu ina vitu vingi kuliko herufi za kawaida, ndiyo maana wanahesabu wakaazima hizi. Waliosoma namba changamano wanazijua: katika 3 + 4i, ℜ ni 3 na ℑ ni 4. Pale R na ℜ ni vitu viwili, ukivichanganya maana inapotea. Kwa hiyo ni haki zipewe namba tofauti. Kwa kazi hiyo sina neno.

Neno langu ni kwetu sisi tuliozigeuza kuwa pambo. Simu moja inazisoma kwa majina marefu ya hesabu, herufi moja moja, nyingine inaziruka, ya zamani inaonyesha visanduku vitupu. Hata mwenye macho anapata taabu: k ya Fraktur inafanana na t, na Kiswahili kimejaa k. Jaribu kusoma 𝔨𝔞𝔨𝔞 haraka.

Kuna kubaya zaidi. Kijana alijiandikisha mafunzo ya ushonaji kwa simu, jina akaliandika kwa herufi hizi. Siku ya kuitwa tukalitafuta kwenye orodha ya kompyuta: halipo. Akarudi nyumbani. Jioni nikapitia mstari kwa mstari, nikalikuta pale pale. Sisi watu wa kambi hatuhitaji kuelezwa maana ya jina kukosekana kwenye orodha.

Naelewa kwa nini vijana wanazipenda. Hapa unaitwa kwa namba ya kadi, namba ya nyumba, namba ya foleni. Ukilipamba jina lako unasema: mimi ni mtu, nitazameni. Hilo sitaki kumnyang'anya yeyote. Lakini ajabu ni kwamba ukitumia herufi hizi, mashine inaliona jina lako kama alama za hesabu. Umekimbia namba, umerudi kwenye namba.

Basi naomba hivi. Pambo liende kwenye bango la ukutani, kwenye fulana, kwenye jalada la jarida hili, lichorwe kwa mkono na wachoraji wetu. Ujumbe na fomu viandikwe kwa herufi za kawaida. Na ninyi wa mashirika, mkiona jina la mapambo kwenye orodha msilifute, mwiteni mwenyewe aliandike upya.

Tangazo la usiku ujao nimeshaliandika, halina pambo lolote. Kijana wetu amelisikiliza mpaka mwisho. Amejibu kwa neno moja: "Nakuja."